Mbona Ni 5901? Hesabu ya Poti za VNC Kila Msee wa Mboka ya Mtandaoni Anafaa Kuijua

Wewe na mbogi yako mmechangishana doo, mkakodi seva moja ya Linux, na kila mmoja anafaa kuwa na skrini yake humo ndani. Wewe unaingia fiti. Beste yako anaambiwa laini imekataliwa. Wa tatu naye anajipata kwa skrini yako, anasogeza kipanya chako ukiwa katikati ya kazi ya mteja. Manze, hapo vita ya grupu ya WhatsApp inaanza, na kila mtu anadai mwenzake ndio ameharibu.

Tulia kwanza. Mara nyingi hakuna mtu ameharibu kitu. Hiyo yote ni hesabu ya namba moja: 5900. Ukiishika hiyo hesabu, utajua skrini yako iko mlango gani, ya mwenzako iko mlango gani, na kitu kubwa zaidi, ni nani mwingine huko nje anaweza kubisha. Weka rada, twende polepole.

Poti ni nini kwanza?

Chukulia seva yako ni ploti ya gorofa. Anwani ya IP ndio inakuleta hadi kwa jengo. Ukishafika, bado unahitaji namba ya mlango, na hiyo namba ndio inaitwa poti. Kila kompyuta iko na milango 65,536 ya aina ya TCP, kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti salama huwa 443. SSH, ile ya kuingia seva kwa maandishi matupu, huwa 22. Kwa Linux, milango iliyo chini ya 1024 kwa kawaida inafunguliwa tu na mkubwa wa mashine, yaani root. Zile za juu, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kufungua.

Programu ikitaka kupokea wageni, inakaa nyuma ya mlango mmoja na kusikiliza. Sheria ni moja na haina kubembelezana: programu mbili haziwezi kukaa mlango mmoja kwenye anwani moja. Wa kwanza akishaingia, wa pili anafukuzwa na kuambiwa hiyo poti inatumika. Shika hapo, juu hii sheria ndio inazaa stori yote inayofuata.

VNC ilitoka wapi

VNC ilitengenezwa miaka ya tisini huko Cambridge, Uingereza, kwenye maabara ya utafiti ya Olivetti na Oracle. Mwaka wa 1999 maabara ikachukuliwa na AT&T, na mwaka wa 2002 ikafungwa. Baadhi ya wale wasee walioitengeneza wakaanzisha kampuni ya RealVNC mwaka huo huo. Kwa vile msimbo wake ulikuwa umeachiliwa wazi kwa kila mtu, ndugu wengi walizaliwa: TightVNC, UltraVNC, TigerVNC na wengine. Ndio maana leo ukisema "VNC" unaweza kuwa unamaanisha programu kadhaa tofauti.

Zote zinaongea lugha moja, itifaki inayoitwa RFB. Iliandikwa rasmi kwa waraka wa RFC 6143 mwaka wa 2011. Kazi yake ni rahisi: seva inakutumia picha ya skrini vipande vipande, na wewe unairudishia kila herufi unayobonyeza na kila mahali kipanya kinasonga. Basi. Programu zako zote, kivinjari, hesabu, video unayokata, zinakimbia huko kwa seva. Simu ama laptopu yako inakuwa dirisha tu.

Hii ndio inafanya msee wa laptopu ya zamani aweze kupiga kazi nzito. Pia ndio maana stima ikipotea ama bando ikiisha, kazi yako haijapotea. Ukifunga dirisha, sesheni inabaki ikiendelea kwa seva hadi uiue mwenyewe ama mashine izimwe.

Hesabu yenyewe: 5900 jumlisha namba ya skrini

Hapa sasa ndio kiini. Kwa Linux, kila skrini iko na namba inayoitwa disiplei, na inaandikwa na nukta mbili mbele: `:0`, `:1`, `:2`. Huu mtindo VNC haikuubuni. Uliletwa na X Window System, mfumo wa madirisha ulioanza chuo cha MIT huko Marekani mwaka wa 1984, na toleo lake la 11 likatoka mwaka wa 1987. Ndio maana watu huuita X11.

X11 iko na hesabu yake: disiplei namba N inasikiliza poti 6000 + N. Wasee wa VNC wakachukua namba zilizo chini tu ya hapo, na wakafuata mtindo ule ule. VNC inasikiliza poti 5900 + N. Kwa hivyo:

- Disiplei `:0` iko poti 5900
- Disiplei `:1` iko poti 5901
- Disiplei `:2` iko poti 5902
- Disiplei `:15` iko poti 5915

Hakuna uchawi. Mtu akikwambia "niko disiplei ya saba," tayari unajua mlango wake ni 5907. Akikwambia "mlango wangu ni 5923," unajua skrini yake ni ya 23.

Sasa cheki kitu. Ukiendelea kuhesabu hadi disiplei `:100`, unafika 5900 + 100, ambayo ni 6000. Hiyo ni nyumba ya X11 tayari, disiplei yake ya sifuri. Kuna nafasi mia moja kamili kati ya hizo familia mbili, 5900 hadi 5999, na ndio maana skripti ya kawaida ya `vncserver` huwa inatafuta nafasi kati ya 1 na 99 pekee.

Na kwa nini inaanza na moja? Juu sifuri ni ya mwenyewe. Disiplei `:0` kwa kawaida ndio skrini halisi, ile iliyounganishwa na mashine kwa waya. Kwa Linux, VNC inaweza kukutengenezea skrini ya hewani, isiyo na monita popote, na hizo ndizo zinapewa `:1` kwenda juu. Kwa Windows na Mac, stori ni tofauti: VNC huko kwa kawaida inakuonyesha skrini ile ile mwenye mashine anaiona, kwa hivyo inakaa poti 5900. Ukiingia kwa Windows ya mtu kupitia VNC, yeye anaona kipanya kikitembea chenyewe kama kina jini.

Nani anaamua upewe namba gani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza, unaandika `vncserver` peke yake na kuiachia seva ichague. Ya pili, unataja namba mwenyewe: `vncserver :2`.

Ukiachia seva, ile skripti ya zamani inafanya kama keyateka anayetafuta nyumba tupu. Inaanza na 1, inauliza maswali manne, na ikipata jibu moja baya inaruka hadi namba inayofuata:

1. Je, poti 6000 + N iko wazi?
2. Je, poti 5900 + N iko wazi?
3. Je, kuna faili la kufuli linaloitwa `/tmp/.XN-lock`?
4. Je, kuna faili la soketi `/tmp/.X11-unix/XN`?

Hiyo N inabadilishwa na namba yenyewe, kwa mfano `/tmp/.X1-lock`. Ikipata namba safi, inakupea, na inakuandikia kwa skrini jina la seva na disiplei yako. Wengi wetu huwa tunalenga huo mstari. Usiulenge. Huo ndio mlango wako.

Sasa rudi kwa ile mbogi ya watu watatu. Jana wewe ulianza wa kwanza, ukapata `:1`. Beste yako akapata `:2`, wa tatu akapata `:3`. Usiku seva ikawashwa upya. Asubuhi wa tatu ameamka mapema, ameanzisha sesheni yake, na keyateka amempea `:1`. Wewe bado simu yako inakumbuka 5901. Unaingia na kukutana na ombi la paswadi, yako inakataa, unaanza kushuku umehakiwa. Na kama mlikuwa mnatumia paswadi moja nyote, mambo ni mabaya zaidi: unaingia moja kwa moja kwa skrini ya mwenzako na kufunga madirisha yake ukidhani ni yako. Hivi ndivyo kazi ya saa sita ya mtu hupotea bila hakeri yeyote kuhusika.

Kuna noma nyingine. Seva ikizimika vibaya, yale mafaili ya kufuli yanaweza kubaki hata kama hakuna skrini inayoendelea. Keyateka anaona kufuli kwa mlango, anadhani kuna mpangaji, anaruka. Utaona onyo likisema disiplei imechukuliwa kwa sababu ya `/tmp/.X1-lock`, na kwamba ufute hilo faili kama hakuna X inayokimbia hapo. Kabla ya kufuta, hakikisha kweli hakuna mtu ndani. Andika `vncserver -list` uone sesheni zako, na `ss -tln` uone milango yote inayosikiliza. Kama 5901 haipo kwa hiyo orodha na hakuna mtu anayetumia `:1`, basi hilo ni kufuli la mpangaji aliyehama. Futa bila wasiwasi.

Dawa ya kudumu ni kila mtu kuwa na namba yake isiyobadilika. Wewe `vncserver :1` kila siku, beste `:2`, wa tatu `:3`. Ukimaliza kabisa, unaua yako kwa `vncserver -kill :1`. Matoleo mapya ya TigerVNC yamefanya hii kuwa rahisi: kuna faili `/etc/tigervnc/vncserver.users` ambalo mkubwa wa mashine anaandika mistari kama `:1=jina` na `:2=jinalingine`. Seva ikiwashwa upya, kila mtu anarudi kwa nyumba yake. Vita imeisha.

Nukta mbili moja ama mara mbili?

Hapa wasee wengi hukwama. Kwa programu ya kutazama kama ya TigerVNC, unaandika anwani ya seva, halafu namba. Ukiandika `seva:1`, programu inaelewa disiplei ya kwanza, na inajumlisha 5900 yenyewe. Namba yoyote chini ya 100 inachukuliwa kuwa disiplei, na kuanzia 100 kwenda juu inachukuliwa kuwa poti kamili.

Ukitaka kuwa na uhakika, tumia nukta mbili mara mbili: `seva::5901`. Hiyo inasema "usinifanyie hesabu, nimekupea mlango kamili." Programu za simu nazo mara nyingi zina kisanduku tofauti cha poti, na hapo unaweka 5901, si 1. Ukiweka 1 mahali pa poti, utabisha mlango namba moja wa seva, na hakuna mtu anaishi huko.

Watu wawili kwa skrini moja

Swali ambalo huulizwa sana: kama poti ni moja na programu inayosikiliza ni moja, mbona watu wawili wanaweza kuingia 5901 kwa wakati mmoja? Jibu: sheria inakataza programu mbili kukaa mlango mmoja. Haikatazi wageni wengi kuingia kwa programu moja.

Wakati programu yako inapiga hodi, inaiambia seva kama inataka kushiriki skrini na wengine ama inaitaka peke yake. Ukiomba peke yako, seva inaweza kuwatoa wote waliokuwa ndani. Kwa hivyo ukitolewa ghafla kila mara beste akiingia, usikimbilie kulaumu mtandao. Cheki mpangilio wa kushiriki kwa programu yake. Na mkishiriki, kumbukeni kipanya ni kimoja. Mnang'ang'ania.

Poti za ukoo

VNC iko na ndugu wengine kwa mtaa wa namba:

- 5800 + N: Zamani seva ya VNC ingeweza kukupa ukurasa wa wavuti wenye programu ndogo ya Java, ukaona skrini ndani ya kivinjari. Disiplei `:1` ilikuwa 5801. Vivinjari viliacha kukubali Java ya aina hiyo, kwa hivyo huu mlango siku hizi haufanyi mengi.
- 6080: Hii ni ya noVNC, njia ya kisasa ya kuona VNC kwa kivinjari. Namba si ya lazima, lakini ndio utakutana nayo kwa maelekezo mengi.
- 5500: Hii ni kinyume. Badala ya wewe kuiendea seva, programu yako ya kutazama ndio inakaa na kusikiliza 5500, na seva inakuja kwako. Inasaidia kama aliye na shida yuko nyuma ya ruta isiyoruhusu wageni.

RDP nayo? Geti moja, soja mmoja

Ukikodi seva ya Windows, hutakutana na 5901. Utapewa 3389, na nyote watatu mtapewa hiyo hiyo. Hapo wengi huchanganyikiwa: mbona hii haihitaji mlango kwa kila mtu?

VNC ya kawaida ni ploti ambayo kila nyumba iko na mlango unaofunguka barabarani. RDP ya Microsoft ni apatimenti yenye geti moja na soja. Wote mnaingia 3389. Soja anauliza jina na paswadi, halafu anakupeleka kwa sesheni yako. Namba za sesheni zipo, lakini ziko ndani, na unaweza kuziona kwa amri `query session`. Mtandao wa nje hauzijui. Jina lako la akaunti ndio linaamua uende wapi. Kumbuka pia Windows za kawaida za nyumbani na ofisini zinaruhusu mtu mmoja tu kutumia skrini kwa wakati. Watu wengi kwa pamoja ni kazi ya Windows Server, na leseni zake zinalipiwa.

Kuna mjanja wa katikati anayeitwa xrdp. Anakaa kwa Linux, anafungua geti moja la 3389 kama Windows, halafu nyuma anaanzisha skrini za X. Kwa mpangilio wake wa kawaida anaanza kuhesabu disiplei kutoka `:10`. Akitumia Xvnc huko nyuma, mlango wa ndani unakuwa 5910, wa pili 5911. Hesabu ni ile ile. Imefichwa tu nyuma ya geti. Kama mbogi yenu imechoka kukumbuka namba, hii ni njia safi.

TeamViewer na wenzake nao hawakuombi ufungue mlango wowote. Mashine zote mbili zinatoka nje kwenda kwa seva za kampuni, TeamViewer ikitumia zaidi poti 5938, na ikizuiwa inajaribu 443 ama 80. Ile namba ndefu unayopewa si poti. Ni kitambulisho cha mashine yako kwa kitabu chao.

Sasa sehemu ya kuogopa

Hesabu ikiwa rahisi kwako, ni rahisi kwa kila mtu. Mtu asiyekujua, aliye nchi ambayo hujawahi kuisikia, haitaji kubahatisha mlango wako uko wapi. Anaambia programu yake ipite anwani moja baada ya nyingine na kubisha 5900, 5901, 5902. VNC ikiwa hapo, itajibu yenyewe kwa kujitaja kabla hajasema chochote. Neno la kwanza seva inatuma ni kitu kama `RFB 003.008`. Ni kama nyumba inayopiga kelele "tuko ndani!" mtu akigusa tu geti.

Halafu paswadi. Ule uthibitishaji wa kawaida wa VNC unatumia mbinu ya zamani ya DES, na unachukua herufi nane za kwanza pekee. Ukiandika paswadi ya herufi ishirini, zile kumi na mbili za mwisho ni pambo. `Nairobi2024Kali!` na `Nairobi2` ni paswadi moja mbele ya hiyo seva. Na baada ya hapo, kwa mpangilio huo wa kawaida, picha za skrini na herufi unazobonyeza zinapita kwa mtandao bila kufichwa. Ukifungua barua pepe yako humo ndani ukiwa kwa waifai ya mkahawa, mtu aliye katikati anaweza kusoma.

Fikiria kilicho kwa hiyo skrini: akaunti ya kazi, pesa za mteja, barua pepe yako. Mlango mmoja wazi na zote zimeenda.

Dawa ipo na haina gharama. Usifungulie dunia mlango wa 5901. Anzisha VNC isikilize ndani ya seva pekee:

`vncserver :1 -localhost`

Matoleo mengine tayari hufanya hivyo bila kuambiwa, lakini andika tu, haiumi. Halafu kutoka kwa mashine yako chimba handaki la SSH:

`ssh -L 5901:localhost:5901 jina@seva`

Hiyo inasema: chochote kikigonga mlango 5901 wa laptopu yangu, kipitishe ndani ya SSH hadi mlango 5901 wa seva. Kisha kwa programu ya kutazama unaandika `localhost:1`. Kila kitu kimefichwa njiani, na kutoka nje seva inaonyesha mlango mmoja tu, ule wa SSH.

Kama mlango 5901 wa laptopu yako una mtu tayari, tumia mwingine upande wako: `-L 5999:localhost:5901`, kisha uandike `localhost:99`. Umeona? 5900 jumlisha 99. Hesabu haijabadilika. Beste yako wa `:2` yeye anachimba hadi 5902, na kila mtu anabaki kwake.

Na kama umeanza kufikiria kubisha milango ya wenyewe kwa vile sasa unajua iko wapi, acha. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inasema kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na adhabu ni faini isiyozidi milioni 5, ama jela isiyozidi miaka 3, ama zote mbili. "Mlango ulikuwa wazi" haikutoi kwa hiyo soo.

Ikikataa kushika, fuata hii

Kabla ya kutuma matusi kwa grupu, pitia hii orodha moja baada ya nyingine:

1. Sesheni ipo? Ingia kwa SSH, andika `vncserver -list`. Kama hakuna kitu, anzisha. Ikiwa namba ni tofauti na ya jana, umepata jibu lako.
2. Mlango unasikiliza? Andika `ss -tln` na utafute 59 na namba zako. Ukiona `127.0.0.1:5901`, inasikiliza ndani pekee, kwa hivyo lazima handaki. Ukiona `0.0.0.0:5901`, iko wazi kwa nje. Rudi usome sehemu ya kuogopa.
3. Unaambiwa nini? Ujumbe wa `Connection refused` mara nyingi unamaanisha umefika kwa jengo lakini hakuna mtu nyuma ya huo mlango. Ukingoja hadi muda uishe bila jibu, mara nyingi fayawoli inakula ombi lako kimya kimya, iwe ni ya seva yenyewe ama ya kampuni iliyokukodisha.
4. Umeandika namba ya aina gani? Disiplei kwa kisanduku cha poti, ama poti kwa mahali pa disiplei? Jaribu na nukta mbili mara mbili.
5. Ni mashine ya nyumbani? Kompyuta iliyo nyuma ya ruta haina anwani yake mwenyewe huko nje, na ukiwa kwa bando ya simu mara nyingi unashiriki anwani moja na watu wengi usiowajua. Hakuna hesabu ya 5900 itakayokusaidia kufikia hiyo kutoka nje bila kufungua njia kwa ruta, kutumia handaki, ama kutumia programu za aina ya TeamViewer.

Leo jioni mkikutana, fanyeni kitu kimoja tu. Andikeni orodha fupi ya nani ana disiplei gani, muibandike juu kabisa ya grupu: wewe `:1`, beste `:2`, wa tatu `:3`. Kila mtu paswadi yake, kila mtu handaki lake. Itawachukua dakika kumi, na hakuna mtu atafungua tena skrini ya mwenzake akidhani ni yake.